Dola 20 kwa 150: mwanajeshi wa akiba mwenye ujuzi maalumu anapunjwa, au ndiyo stahili yake?

#1 Kipanga wa Jioni
Wakuu salaam.

Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya mdogo wangu, nikakutana na hati yake ya mshahara ya mwaka 2019. Yeye ni jeshi la akiba Marekani, kikosi cha miavuli. Wikendi moja kwa mwezi, wiki mbili kwa mwaka, siku zilizobaki anaendesha foko lifti ghalani. Kwenye mstari wa posho ya kuruka pameandikwa dola 20. Nikajua ni makosa ya karani, nikampigia. Akacheka mpaka akakohoa. Mwenzake wa jeshi la kudumu, anayetokea mlango ule ule wa ndege ile ile, alikuwa anapata 150 kwa mwezi.

Sasa naulizeni: mwavuli ukigoma kufunguka, ardhi huwa inauliza kwanza kama wewe ni wa kudumu au wa wikendi?

Wajuvi karibuni. Mods, msiuhamishie jukwaa la vichekesho.

#2 Mla Mbivu
Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Tarakimu
Karani hajakosea mkuu, ni hesabu tu.

Wikendi moja kule inahesabiwa vipindi vinne vya mazoezi, viwili Jumamosi, viwili Jumapili. Kila kipindi kinalipwa 1/30 ya mshahara wa msingi wa mwezi kwa cheo chako. Posho za hatari zikawekwa kwenye mkondo huo huo. 150 gawa kwa 30 unapata 5, mara vipindi vinne, 20 yako hiyo. Kambi ya siku 15 anapata 75. Kwa mwaka vipindi 48 vinampa 240, ongeza 75 ya kambi, jumla 315. Wa kudumu anakunja 1,800.

Ila mdogo wako hakukwambia upande wa pili: kwa siku mbili za kazi analipwa mshahara wa msingi wa siku nne. Huko mbona hatujaona uzi wa kulalamika?

#4 Hamnazo
Tarakimu kaingia na kikokotoo, uzi umeisha. Tufunge mlango.

#5 Kamba Tuli
Haujaisha. Tarakimu hesabu yako safi, lakini umehesabu kitu kisicho chenyewe.

Mimi nimeruka miaka sita kama mwanajeshi wa akiba. Kanuni ya kuendelea kuipata ile posho ilikuwa kuruka angalau mara moja katika kila miezi mitatu. Kanuni hiyo haikugawanywa kwa 30! Hakuna aliyeniambia "wewe wa wikendi ruka mara moja kila baada ya miaka miwili". Masharti nayabeba mazima, malipo napewa vipande. Na ili goti lihimili kutua ni lazima ukimbie alfajiri siku ambazo jeshi halikulipi hata senti. Posho ile, kwa ninavyoielewa, hailipii zile sekunde za hewani. Inalipia wewe kubaki mtu wa kuruka hata siku usiporuka.

#6 Kipanga wa Jioni
Kamba Tuli umesema nilichoshindwa kukiandika. Asante.

#7 Mzee wa Kombania
Vijana mnalalamika bure. Uingereza nako ni vile vile, 1/30 ya mwezi, na tena wao hawakatwi kodi kabisa. Mwambie mdogo wako ahamie huko.

#8 Binti Sindano
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umechanganya madawa.

Niko huku Uingereza, muuguzi wa wagonjwa mahututi, na ni mwanajeshi wa akiba kitengo cha tiba. Huku siku moja ni 1/365 ya mshahara wa mwaka. Ukienda jioni ya mazoezi katikati ya wiki unaandikiwa robo siku. Mambo ya siku mbili kulipwa nne hayapo. Kodi kwenye mshahara wa siku tunakatwa kama kawaida. Kisicho na kodi ni baunti, yaani ile bonasi ya mwaka, na nayo haiji kama mvua. Umalize siku zako, ufaulu mitihani ya kila mwaka, mkuu wa kikosi asaini kwamba umefaa. Mwaka wa kwanza ni kidogo, inapanda hadi mwaka wa tano ndipo inafika kileleni. Kosa mtihani mmoja tu wa mbio, mwaka mzima umeula wa chuya.

#9 Mzee wa Kombania
Marahaba binti. Basi niliyekuwa nawaza ni Australia. Kule wa akiba mshahara wake wa siku hauna kodi, hilo sibadilishi.

#10 Tarakimu
Australia sawa, mzee uko sahihi. Lakini akichukuliwa kwa utumishi wa kudumu wa muda, kodi inamkuta.

#11 Mla Mbivu
Mzee ametupa nyavu nchi mbili, ya pili ikanasa samaki 😂

#12 Kipanga wa Jioni
Binti Sindano, hebu rudi kwenye ujuzi maalumu. Wewe muuguzi wa mahututi unapewa nyongeza gani zaidi ya yule anayebeba bunduki tu?

#13 Binti Sindano
Ndiyo utamu wenyewe ulipo. Kitu cha kwanza ninachopata siyo pesa, ni siku. Vikosi vya kawaida vya mtaani vinadai siku 27 kwa mwaka. Vile vinavyokusanya wataalamu kutoka nchi nzima, vyetu vya tiba vikiwemo, vinadai 19. Wanajua mtu wa hospitali hawezi kuchomoka kila wikendi, na wanajua kazi yangu ya kila siku ndiyo mazoezi yangu. Sihitaji sajini anifundishe kuweka mrija wa hewa, nimeuweka jana usiku.

Kwa hiyo ukiniuliza kama napunjwa, jibu langu linategemea siku uliyoniuliza. Nikiwa kambini kwenye tope saa tisa usiku, napunjwa. Nikihesabu kwamba mwenzangu wa bunduki ametoa siku nane zaidi yangu, nanyamaza.

Kuna kitu kinaitwa kipengele cha X, asilimia inayowekwa juu ya mshahara kufidia adha za maisha ya jeshi: kuhamishwahamishwa, kukaa mbali na watoto, kupangiwa hata pa kulala. Wa kudumu wanapata asilimia 14.5, sisi 5. Ukiitwa vitani unalipwa ile kamili. Hilo mimi naona haki. Mimi sihamishwi, mwanangu hajabadilisha shule hata mara moja.

#14 Kamba Tuli
Dada sawa, lakini angalia tofauti. Ujuzi wako unanolewa na hospitali na hospitali inaulipa. Mimi hakuna kampuni ya uraiani inayonilipa niruke kutoka kwenye ndege nikiwa na mzigo wa kilo 40 mgongoni. Ujuzi wangu mnunuzi wake ni mmoja tu duniani, na ndiye aliyekuwa ananipa dola 20.

#15 Hamnazo
"Mnunuzi wake ni mmoja tu duniani." Kaka hiyo iandike kwenye kanga.

#16 Nyaya Mbili
Nimekuwa msomaji kimya, ngoja nami niseme. Nina maarifa ya kutegua mabomu (sisemi jeshi gani).

Mnachanganya mambo matatu chini ya jina posho. Kuna malipo ya hatari, kuna malipo ya ujuzi, na kuna chambo. Waingereza wamekuwa wakweli kuliko wengine. Zamani waliita malipo ya utaalamu, baadaye wakabadilisha jina yakawa malipo ya kuvutia na kubakiza watu. Someni hilo jina polepole. Halisemi "asante kwa ujuzi wako". Linasema "tusipokupa hiki utaondoka". Wapiga mbizi, wateguaji, marubani, wa miavuli, wote wamo humo. Siku wakijaa kuliko nafasi, sababu ya kuwalipa inapungua, hata kama bomu halijapungua ukali.

Kwa mantiki hiyo Kipanga, dola 20 ina maana moja tu: mdogo wako angeruka hata bure, na wao wanalijua hilo.

#17 Kipanga wa Jioni
Nyaya Mbili umenichoma. Kwa sababu ni kweli, angeruka bure. Amebandika picha ya mwavuli hadi kwenye friji.

#18 Tarakimu
Naunga mkono sehemu. Lakini nadharia ya chambo haielezi kwa nini 1/30. Chambo ungekipima kwa uhaba, yaani fani hii mpe nyingi, ile usimpe kabisa. 1/30 ni mkasi mmoja unaokata kila kitambaa. Hiyo ni desturi ya uhasibu, haina falsafa nyuma yake. Mtu alitunga kanuni ya mshahara wa siku, posho zikaburuzwa humo, miongo ikapita.

#19 Kamba Tuli
Na ndiyo maana ilifika bungeni. Sheria ya ulinzi ya Marekani ya mwaka wa fedha 2022, iliyosainiwa Desemba 2021, iliweka kipengele kwamba wa akiba alipwe posho hizi sawa na wa kudumu anayefanya kazi ileile kwa ujuzi uleule. Tulipongezana kwenye simu siku ile.

#20 Tarakimu
Mngesoma mpaka chini kabla ya kupongezana. Kipengele kile kilikuja na kufuli: malipo hayaanzi mpaka waziri wa ulinzi atoe ripoti na athibitishe kwamba kulipa sawa hakutaathiri muundo wa jeshi.

#21 Mla Mbivu
Kuathiri muundo wa jeshi ndiyo nini kwa lugha ya nyumbani?

#22 Tarakimu
Kwamba wa kudumu wasije wakapiga hesabu wakahama. Kama rubani anaweza kukaa nyumbani, kufanya kazi shirika la ndege, na bado akapata posho nzima ya urubani kwa wikendi moja, nani atabaki kambini?

#23 Fundi Feni
Nimefanya kazi kwenye helikopta za jeshi la akiba. Hiyo hofu imekuzwa. Rubani wa akiba anatakiwa atimize viwango vya urushaji kama wa kudumu, wikendi moja haitoshi, ndiyo maana wanapewa vipindi vya ziada vya kurusha katikati ya wiki. Nimewaona wanakuja saa kumi jioni wametoka ofisini bado wamevaa tai, wanarusha mpaka usiku. Anayehama jeshi la kudumu anahama kwa sababu mke amechoka kuhama. Posho ya mwezi haijawahi kumtoa mtu kambini wala kumrudisha.

#24 Binti Sindano
Fundi, "mke amechoka"? Na waume je? 🙂

#25 Fundi Feni
Nimekosea dada. Mwenza amechoka.

#26 Mzee wa Kombania
Wakati nyie mnagombania dola 20, Juni 2025 jeshi la akiba la Marekani liliwapa vyeo vya luteni kanali wakubwa wanne wa kampuni za teknolojia kwa mpigo. Watu wa Palantir, Meta, OpenAI. Hawakupita kuruta ya miezi. Saa kama 120 kwa mwaka basi. Mimi kufika sajini nilimwaga jasho miaka kumi na moja.

#27 Hamnazo
Mzee hii naona imekukaa hapa kooni.

#28 Nyaya Mbili
Ile ya wakubwa wanne inatufundisha kitu kingine. Kwa watu wale posho ni upuuzi, mshahara wa luteni kanali kwa saa 120 hawaununulii hata matairi. Jeshi lilipowataka, liliwapa cheo. Waingereza walipoanzisha kikosi cha akiba cha ulinzi wa mtandao mwaka 2013 nao walijua hawawezi kushindana na mishahara ya kompyuta uraiani, wakalegeza masharti ya viungo na mbio. Kwa hiyo malipo ya mtaalamu si lazima yawe pesa. Kwa Binti Sindano ni siku nane. Kwa wale wanne ni cheo begani. Kwa mtu wa kompyuta ni kusamehewa mbio.

#29 Kamba Tuli
Na kwa mrukaji ni goti bovu.

#30 Ulimi Tatu
Samahanini kuchelewa. Mbona hakuna aliyegusa posho ya lugha? Kiswahili chetu hiki ni mali. Jamaa zetu waliingia jeshi la akiba Marekani kwa Kiswahili tu, wakapewa na uraia juu, ule mpango wa MAVNI wa kuandikisha wageni wenye ujuzi adimu.

#31 Tarakimu
Nusu sahihi. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha ya lugha za MAVNI, pamoja na Kisomali, Kihausa na nyingine nyingi. Lakini walioingia kwa mlango wa lugha walitakiwa jeshi la kudumu, miaka minne. Waliokuwa na uchaguzi wa akiba ni wa mlango wa afya: mitatu ya kudumu au sita ya akiba. Na mpango uliacha kuandikisha mwaka 2016.

#32 Ulimi Tatu
Sawa nimekubali. Lakini posho ya lugha yenyewe ipo, na wa akiba wanaipata. Mimi naipata.

#33 Mla Mbivu
Kwa Kiswahili?? Wanakulipa kwa kuongea na mama yako?

#34 Ulimi Tatu
😂 Karibu na hapo. Kuna mtihani, unapimwa kusikiliza na kusoma, na mwingine wa kuongea. Viwango vinaanzia sifuri. Mara ya kwanza niliingia kwa dharau, mimi nimezaliwa na hii lugha bwana. Nikakutana na habari za magazeti, hotuba, mambo ya sheria. Swali linauliza mwandishi anakusudia nini, majibu manne yote yanafanana. Nilitoka nimelowa. Mmarekani mmoja aliyejifunza darasani alinipita kusoma. Nilirudi mwaka uliofuata baada ya kusoma tahariri kila asubuhi.

Nakuja kwenye hoja ya Kamba Tuli. Lugha hainolewi wikendi moja kwa mwezi. Ni kila siku au inashika kutu. Ukigawa kwa 30 unakuwa umelipia siku nilizovaa gwanda, ulimi wangu hauvuliwi Jumapili jioni.

#35 Kipanga wa Jioni
"Ulimi wangu hauvuliwi Jumapili jioni." Hamnazo, andaa kanga ya pili.

#36 Fundi Feni
Kabla hamjaandika makanga, onyo kwa vijana wanaosoma uzi huu wakaona pesa. Bonasi ya kusaini siyo posho. Posho ukishaipata imepita. Bonasi ina mkia. Kumbukeni jeshi la akiba la jimbo la California: wakati wa vita vya Iraki na Afghanistani waandikishaji walikuwa na malengo ya kujaza, wakagawa bonasi za dola 15,000 na kuendelea kwa watu wasiostahili kwa mujibu wa kanuni. Miaka ikapita, wakaguzi wakaingia, askari karibu 10,000 wakaambiwa rudisheni. Wengine walishakwenda vitani na kurudi! Gazeti la Los Angeles Times lilipoianika Oktoba 2016 ndipo waziri wa ulinzi Ash Carter akasimamisha ukusanyaji.

#37 Mla Mbivu
Wanakupa, unakwenda vitani, unarudi, wanakudai. Kausha damu wenye riba wana utu zaidi.

#38 Tarakimu
Ndiyo maana mimi nawaambia watu waache kuangalia posho, waangalie pensheni. Marekani wa akiba akifikisha miaka 20 mizuri, kila mmoja wenye pointi zisizopungua 50, anapata pensheni akifika umri wa miaka 60. Pointi 15 anapewa kwa kuwa mwanachama tu, moja kwa kila kipindi cha mazoezi. Na pointi ya mrukaji, mpishi na mpiga tarumbeta ni sawasawa.

#39 Kamba Tuli
Hapo sasa umenipa hoja ya bure. Hata kwenye pensheni ujuzi maalumu hauna uzito!

#40 Nyaya Mbili
Au amekupa hoja dhidi yako. Kwamba jeshi linaona mkiwa wazee wote mko sawa.

#41 Binti Sindano
Huku tangu Aprili 2015 wa akiba tumo kwenye mpango ule ule wa pensheni na wa kudumu. Lakini tusihamie kwenye uzee, nina zamu ya usiku. Kipanga, mdogo wako mwenyewe anasemaje? Umeandika uzi kwa niaba yake hajafungua mdomo.

#42 Kipanga wa Jioni
Nimemtumia kiungo, kasoma wote mpaka #40. Kasema anawashukuru, na kwamba dola 20 haijawahi kumuuma. Kinachomuuma ni mafuta ya gari. Anaendesha mwenyewe kwenda kikosini na kurudi kila wikendi ya mazoezi, na posho ya kuruka inaishia kwenye tenki kabla hajafika nusu ya njia.

#43 Tarakimu
Mbona kuna marejesho ya nauli kwa wenye fani adimu wanaokaa mbali? Mpaka ni maili 150. Yeye yuko umbali gani?

#44 Kipanga wa Jioni
Maili 140.

#45 Hamnazo
Ahame nyumba.